Vioo Nilivyovipima kwa Macho Yangu

Mkinikuta Iringo nimekaa nje ya duka la spea, kiti changu cha plastiki kimeegemea ukuta, msinisalimie kwa kuniita fundi bingwa. Niiteni Mzee Masatu, inatosha. Najua mnasema hivyo kwa heshima, na baadhi yenu ni mimi niliyewafundisha kushika nyundo. Lakini kila mkilitamka hilo neno bingwa, kuna gari moja linanijia kichwani, dogo, la kijani, la viti viwili, na nasikia uso unaniwaka. Leo nawaambia sababu. Nimewaona wiki hii mnafunga saiti mira, hivi vioo vya pembeni, mnatoboa mlango wa mtu kama mnatoboa kopo la maziwa, nikasema afadhali niaibike mimi ambaye sina mteja wa kupoteza.

Kazi yangu ilikuwa bodi. Kunyoosha, kuchomelea, kupiga puti, kupaka rangi. Pikapu za samaki kutoka Kisorya zililetwa kwangu zikiwa zimeliwa na kutu mpaka ukiweka kidole kinatokea upande wa pili. Nilizirudisha zikiwa magari. Kwa hilo sijivuni, ni kazi tu, na mgongo wangu ndio unaolipa sasa. Ila kwa vioo vya pembeni nilijulikana. Watu wa Kamunyonge walikuwa wanasema ukitaka kioo kisichotikisika, nenda kwa Masatu. Nililisikia hilo mara nyingi mno, na nadhani ndipo nilipoanza kuharibika.

Kioo changu cha kwanza nilikifunga chini ya Mzee Saidi, aliyenifundisha kazi. Mtu mfupi, kofia ya kushona, hasemi sana. Alinipa gari la afisa kilimo akasema nitoboe mlango wa kulia. Jua lilikuwa kali na mwenye gari alikuwa ameshusha kioo cha dirisha. Mimi kijana nina drili mkononi, sikujiuliza kioo kikishushwa kinakwenda wapi. Kinaingia ndani ya mlango, bwana! Drili ikapita bati, ikapita na kioo. Nilisikia kitu kinamwagika ndani kama mchele kwenye debe. Mzee Saidi hakufoka. Alikuja, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, vipande vinacheza humo ndani. Akasema, "Safi. Umemtengenezea bwana afisa kayamba." Mwezi mzima gereji nzima iliniita Kayamba, hadi mama ntilie aliyetuletea chai.

Kwa hiyo sikilizeni. Pandisha kioo cha dirisha kwanza, halafu angalia ndani ya mlango uone mitambo ya kukipandisha imepita wapi. Bandika tepu ya karatasi juu ya rangi ndipo uchore alama, drili isiteleze ikakuandikia jina. Gonga alama kwa kidoti, kile chuma chenye ncha, anza na drili nyembamba, panua taratibu. Ukishatoboa, paka rangi kwenye kingo za tundu, maana unyevu wa ziwa hauna huruma, na kutu huanzia hapohapo ulipopuuza. Kata mpira wa tyubu uweke chini ya kitako cha kioo. Nyuma ya bati weka kipande cha bati nene, la sivyo kioo kitatetemeka na mwenye gari ataona magari mawili nyuma yake badala ya moja.

Na kabla ya hayo yote, kuchagua. Si kila kioo kinachong'aa kinafaa. Weka ukingo wa rula juu ya kioo: ukikaa bila kubembea, kioo ni bapa, kinaonyesha vitu vilivyo umbali uleule. Rula ikibembea, kioo kimevimba kidogo, kinaonyesha eneo kubwa lakini gari lililo mgongoni kwako utaliona kama bado liko mbali. Magari ya zamani ya spoti, yale yenye boneti ndefu na viti vilivyo chini karibu na lami, yanataka kioo kidogo, cha duara, cha nikeli. Ukikifunga kioo cha lori kwenye gari kama hilo, linafanana na mtoto aliyevaa miwani ya babu yake.

Lakini kanuni kubwa ya Mzee Saidi haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa hii: mwenye gari akae. Hutoboi hata tundu moja kabla mwenye gari hajaingia, akavuta kiti chake kama anavyokivuta siku zote, akashika usukani. Wewe unashika kioo kwa mkono nje, unakisogeza, yeye anasema hapo, hapana, mbele kidogo, hapo. "Kiti kinapimwa kwa makalio yake, si ya kwako," alikuwa akisema, na akilisema hilo mbele ya wateja wa kike alikuwa anakohoa kwanza. Niliifuata kanuni hiyo miaka yote. Niliivunja mara moja.

Gari lenyewe lilikuwa la baba mkwe wangu, Mzee Wambura wa Butiama. Alilinunua kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na watu walimcheka, kwamba mkulima wa mihogo na ng'ombe anafanya nini na gari lisilobeba hata gunia. Alijibu kwamba linabeba mke wake, na hiyo inatosha. Mke wake ni Mwalimu Veronika, alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na Mzee Wambura ndiye aliyemfundisha kuendesha. Mzee alipofariki, kila mtu alidhani gari litafunikwa turubai. Jumapili iliyofuata baada ya matanga, Mwalimu Veronika alikwenda nalo kanisani. Ni mfupi, alikuwa anavuta kiti mpaka mwisho kabisa mbele na kuweka mto chini, kidevu kiko karibu na usukani. Mkimwona barabarani mlikuwa mnaona kitambaa cha kichwa tu na mikono miwili.

Gari hilo halikuwa na vioo vya pembeni. Lilitoka kiwandani hivyo, lina kimoja tu cha ndani. Zamani ilitosha, barabara ya Musoma ilikuwa na magari machache na baiskeli. Siku hizi kuna bodaboda zinakupita kushoto, kulia, na zingeweza zingepita chini. Askari wa barabarani alimsimamisha akamwambia kwa upole, "Mama, hili gari zuri lakini tafuta vioo." Mwalimu Veronika akamtuma binti yake, yaani mke wangu, aniambie: mkwe wangu ni fundi, basi anifungie.

Vioo nilivihangaikia. Nilivipata kwenye gari dogo chakavu lililokuwa limelala Bunda nyuma ya gereji, viwili, duara, nikeli bado inang'aa, bapa vyote. Vichwa vyake vilikuwa vigumu kugeuka, vinageuka kidogo tu, lakini nikajiambia nikivipatia mahali pake havitahitaji kugeuka sana. Nilivipangusa kwa majivu mpaka ukajiona meno.

Sasa hapo ndipo palipo na aibu yangu. Mnajua kwetu. Mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hawatazamani usoni, hawali chungu kimoja, akija njia hii wewe unashika ile. Kiti alichokalia hukikalii. Mimi na Mwalimu Veronika tulikuwa tunazungumza kupitia mke wangu hata tukiwa uwanja mmoja, hatua kumi. Na gari lile, jamani, ni la viti viwili vilivyobanana. Kumpima ingebidi niiname dirishani kwake, nimwangalie macho yako wapi, nimuulize anaona nini. Ningeweza kutafuta njia. Mke wangu angeweza kushika kioo, mimi nikasimama mbali nikaelekeza. Alilisema hilo yeye mwenyewe.

"Mama akae, mimi nishike, wewe useme," alisema mke wangu, Mama Neema.

"Mbele ya watu? Mkwe na mama mkwe tunaelekezana kama makonda? Mlete tu gari. Mimi nimefunga vioo vingapi?"

"Lakini si wewe husemaga mwenye gari akae?"

"Hili nalijua bila kukaliwa."

Likaletwa na shemeji yangu Deo, kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bunda. Nikabaki nalo peke yangu, na hapo nikakumbuka kwamba hata kiti chenyewe siwezi kukikalia. Ni chake. Basi mnajua nilifanya nini? Nilifungua bolti nne, nikakitoa kiti cha dereva, nikakiegemeza ukutani kwa adabu zote, nikaweka kreti la soda mahali pake. Nikakaa juu ya kreti. Miguu yangu ni mirefu, reli za kiti zikanizuia, nikasukuma kreti nyuma kabisa mpaka likagusa bati. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikachora alama mlangoni. Nikatoboa, matundu mawili kila mlango. Nilikuwa najiona mtu wa heshima sana, fundi anayejua kazi na mkwe anayejua mila, yote kwa pamoja juu ya kreti moja.

Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Watu walisimama barabarani kulitazama. Nikarudisha kiti kwenye matundu yake yaleyale, nikalituma Butiama.

Wiki haikuisha, Mama Neema akarudi kutoka kwao na ujumbe. "Mama anasema kwenye kioo cha kulia anaona chuma na bega lake. Cha kushoto hakioni kabisa."

Nilijua. Nataka mlielewe hili, kwa sababu ningeweza kuwaambia kwamba sikujua na mngeniamini. Nilijua saa ileile, kabla hajamaliza sentensi. Gari lile lina kadirisha ka pembetatu mbele ya dirisha kubwa, na katikati yao kuna nguzo ya chuma. Mtu mrefu aliyekaa nyuma anaona kioo kupitia dirisha kubwa, safi kabisa. Mtu mfupi aliyevuta kiti mbele, kile kioo kinakuwa usawa wa sikio lake, na nguzo inamkata. Hata ukigeuza kichwa cha kioo, na vile viligeuka kidogo tu, hupati barabara. Dawa ilikuwa moja tu: kuviondoa, kuziba matundu manne kwenye milango isiyopatikana tena nchi nzima, na kukiri kwa ukoo wa mke wangu kwamba fundi wao alipimia kwenye kreti.

Nikasema, "Mwambie vioo viko sawa. Pengine ni macho, umri unakwenda."

Pengine. Nililiweka hilo neno makusudi, ili nikibanwa niseme sikusema kwa hakika.

Mama Neema alinitazama. "Kwa hiyo nimwambie haoni?"

"Mwambie tu azoee."

Alikwenda akamwambia. Mwalimu Veronika hakubisha, maana angebishana vipi na mkwe wake? Mila iliyonizuia mimi kumuuliza ilimzuia na yeye kunijibu. Aliendelea kuendesha hivyo miezi kadhaa, akitegemea kioo cha ndani na kugeuza shingo.

Siku moja akitoka Musoma, alifika Makutano akakunja kushoto kuingia barabara ya Butiama. Bodaboda ilikuwa inapenya kushoto kwake. Kioo cha kushoto kingemwonyesha kama kingekuwa mahali pake. Pikipiki ikaanguka, dereva akachubuka kiwiko, na gunia la dagaa likamwagika lami yote. Namshukuru Mungu ilikuwa kiwiko. Lakini habari ilifika Bunda kabla dagaa hawajazolewa, na Jumamosi tukaitwa kikao Butiama, familia nzima.

Deo ndiye aliyezungumza. Si mtu mbaya Deo, alikuwa ameogopa. "Mama alikuwaga dereva mzuri, hakuna anayekataa. Ila sasa analalamika haoni kwenye vioo. Amegusa mtu. Kesho ataua. Lakini tusimwonee. Fundi tunaye hapa, ni mkwe wetu, aseme. Shemeji, vile vioo vina tatizo?"

Mwalimu Veronika alikuwa amekaa mlangoni, kitenge begani, anatazama chini kama desturi inavyotaka mkwe akiwa anasema. Watu wote walinigeukia. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko ambayo mtu mwongo huwa anaipata. Ningesema sentensi moja tu.

"Vioo ni vizima," nikasema. "Nilivifunga mwenyewe."

Deo akanyoosha mkono, na mama yake akatoa funguo za gari kwenye fundo la kitenge akampa. Alikuwa amefundisha nusu ya watu waliokuwa pale kusoma, na siku hiyo hakuna aliyemuuliza yeye anaona nini. Tulikula wali na kuku. Nami nilikula, nikaongeza na mchuzi.

Kwa miaka minne Mwalimu Veronika hakuendesha. Kanisani alikwenda kwa kubebwa, na akikosa wa kumbeba alikaa nyumbani. Musoma hakuja tena. Alikuwa na rafiki yake Kamunyonge, mwalimu mwenzake, walitembeleana kila wiki tangu ujana. Rafiki huyo alikufa bila wao kuonana mwaka mzima, na sababu ilikuwa usafiri. Mimi nilikuwepo mazishini, nikabeba jeneza. Mama mkwe alikaa mbali chini ya turubai, nikashukuru kwamba mila inanikataza kumtazama.

Halafu mwaka jana, nikiwa nimeshaacha kazi, Deo akanipigia. "Shemeji, lile gari litaozaga tu pale. Kuna mtu anatafuta la aina hiyo. Nenda ulitazame, ulisafishe, uone kama linawaka."

Nikaenda Butiama. Mwalimu Veronika alikuwa ndani, mimi nje na turubai. Nikabadilisha betri, nikasafisha kabureta, lakini ili niliwashe ilibidi nikae. Kreti halikuwepo. Nilisimama pale muda mrefu, mzee mzima naogopa kiti. Mwishowe nikakikalia, na sikukisukuma nyuma. Magoti yaligonga usukani, nikajikunja mpaka macho yangu yakawa pale yalipokuwa ya kwake. Nikatazama kulia. Chuma na bega. Nikatazama kushoto. Sikuona kitu chochote, kana kwamba kioo hakijafungwa. Nilikuwa najua, ndiyo, nilishawaambia kwamba nilijua. Lakini kujua ukiwa umesimama nje ni rahisi. Pale ndani nilikuwa nimebanwa kwenye nafasi yake, nikaona alichokuwa anakiona kila alipokwenda kusali, na machozi yalinitoka, sioni haya kuwaambia.

Nikamwita Mama Neema, tulikuwa tumekuja wote. Nikachukua kigoda, nikakaa nje ya mlango wa mama yake, mgongo wangu ukiwa mlangoni kama inavyotakiwa. Nikaanza kusema, na Mama Neema akapeleka maneno ndani, sentensi kwa sentensi.

"Mwambie mama nimekuja kuomba radhi kuhusu gari."

"Mama, anasema amekuja kuomba radhi kuhusu gari."

"Mwambie vioo nilivifunga bila kumpima. Nilijipima mimi."

Akapeleka.

"Mwambie aliposema haoni, nilijua ni vioo. Na kwenye kikao nilijua."

Mama Neema hakupeleka. Nilisubiri, nikageuka kidogo, nikamwona amesimama kizingitini ameshika fremu ya mlango. Ni yeye aliyemwambia mama yake azoee, kwa kinywa chake.

"Hilo mwambie mwenyewe," alisema.

Basi nikasema mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, nilimwambia mama mkwe wangu jambo moja kwa moja, bado nimempa mgongo. Nilisema kwamba alikuwa anaona na mimi nikasema haoni, kwa sababu niliona aibu ya matundu manne.

Kisha sauti yake, sauti ya ualimu bado. "Vinaweza kurekebishwa?"

"Vinaweza, mama."

"Basi rekebisha. Safari hii nitakaa mimi. Ukiona haya, simama mbali."

Nikaviondoa. Nikaziba matundu kwa kuchomelea kidogokidogo, nikipoza bati kwa kitambaa kibichi lisijikunje, nikasaga, nikapaka rangi. Safari hii vioo nilivipeleka mbele, juu ya madigadi, ambako jicho la dereva linavikuta bila kugeuza shingo, na cha kushoto kikasogea mbele zaidi ya cha kulia. Kwa macho ya mtu aliyesimama nje vinaonekana kama vimekosewa. Kwa aliyekaa ndani ndiyo sahihi, na mwenye gari hakai nje.

Mwalimu Veronika alikaa kwenye kiti chake, akavuta mbele, akaweka mto. Mama Neema alishika kioo. Mimi nilisimama uwanjani, nikasema mbele, nyuma, na yeye akajibu hapo. Alijibu upesi, upande wa kulia na upande wa kushoto, hapo, hapo. Nilifurahi. Nikakaza bolti, nikaenda nyuma ya gari hatua ishirini, upande wa kulia, mchana wa jua kali, nikainua mkono.

"Mama, vidole vingapi?"

"Vinne," alisema.

Nilikuwa nimeinua viwili.

Mama Neema akanigeukia. Sasa vijana, nawaapia, neno "sawa kabisa" lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Lingekuwa rahisi, na lingekuwa la huruma, na hakuna ambaye angenilaumu. Nililimeza.

"Ni viwili, mama."

Nikasogea hatua kumi, nikainua mkono tena. Akasema vitatu, kwa sauti ya kuuliza. Nikasogea mpaka kwenye buti la gari. Hapo aliacha kutazama kioo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele.

"Imeanza mwaka juzi," alisema. "Kwanza pembeni, halafu inakuja katikati. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ninyi nyote mlishakubaliana kwamba sioni."

Baadaye hospitali walituambia ni presha ya macho, kwamba angeletwa mapema wangeizuia, na kwamba yaliyopotea hayarudi. Hakuna aliyeshtuka alipoanza kupapasa kikombe mezani, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaizoeza familia nzima. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Lakini siku ile uwanjani bado hatukuyajua ya hospitali. Mama Neema alikuwa analia ameegemea boneti. Mwalimu Veronika alishuka mwenyewe, akaufunga mlango polepole, akageuka upande niliposimama, na kwa mara ya kwanza akaniangalia, kama ule ulikuwa ni kuangalia.

"Siku ile ya Makutano nilikuwa naona," alisema.

"Ulikuwa unaona, mama."

"Nenda Bunda ukamwambie Deo."

Nilikwenda saa ileile, mikono bado ina puti. Deo alikuwa dukani, wateja wamejaa kaunta, wengine wananijua, wengine magari yao niliyatengeneza mimi. Aliponiona uso wangu alitaka kunivuta stoo. Nikakataa. Nikamwambia palepale, kwa sauti ya kufika mpaka waliokuwa wanapima mabati nje, kwamba siku tulipomnyang'anya mama yake funguo alikuwa anaona vizuri, na kwamba ni mimi niliyefunga vioo vibaya na nikadanganya.